Zimwi kwenye Benchi

Jina la Dada Subiri hakupewa na wazazi wake. Alipewa na benchi. Lilikuwa benchi refu la mbao, limepakwa rangi ya kijani ambayo mtu fulani aliwahi kuamini kwamba hutuliza moyo, na lilikaa mbele ya kaunta yake katika kliniki ya meno iliyokuwa juu ya duka la vioo. Kila aliyepanda ngazi zile akiwa ameshika shavu aliambiwa maneno yaleyale: "Subiri hapo, utaitwa." Na alisubiri. Walisubiri askari, walisubiri wanasheria, akasubiri muuza nyama mmoja mwenye mikono kama nguzo za umeme, aliyeanza kulia kabla hajaulizwa ni jino lipi. Hakuna aliyewahi kuuliza mamlaka hayo Dada Subiri aliyatoa wapi. Hakuwa na kirungu, hakuwa na cheo, hata sauti kubwa hakuwa nayo. Alikuwa na kalamu, macho ya mtu aliyeamka mapema kuliko alivyopenda, na neno lake.

Alikuwa amechoka. Tuliseme hili mapema, msomaji asije akalingoja kama siri. Hakuwa na ule uchovu wa siku moja ambao mtu hulala nao akaamka haupo. Alichoka kama kinavyochoka kitambaa cha kudekia: kazi kinafanya vizuri tu, ila ukikiinua dirishani unaona nyumba ya jirani.

Nyumbani alikuwa na mama yake, ambaye magoti yalikuwa yamestaafu na kuuacha mdomo kazini. Alikuwa pia na kaka mkubwa, aliyeishi mji mwingine, na aliyepiga simu kila Jumapili kuuliza hali ya mama, kusikiliza nusu ya jibu, na kumalizia: "Dada, wewe ni jembe." Ilikuwa sifa. Dada Subiri, mwenye tabia mbaya ya kuyafikiria maneno baada ya kuambiwa, alilifikiria jembe. Jembe haliulizwi kama limechoka. Likimaliza kazi huegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, na mpini ukivunjika watu hutafuta mpini mwingine, hawakai kulia.

Kitu kimoja tu kilikuwa chake. Asubuhi, baada ya kufungua kliniki na kabla daktari hajafika, kulikuwa na kipande cha utulivu ambacho hakuna aliyekidai. Katika kipande hicho, Dada Subiri aliandika mchezo wa redio.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Paliondokea ufalme, na juu ya ufalme huo mlima, na ndani ya mlima zimwi. Mara kwa mara zimwi lilishuka likitaka kumla mfalme na yeyote aliyekuwa karibu na mfalme. Mashujaa walitoka kwenda kulipiga, nalo likawala mashujaa, jambo ambalo hadithi nyingi hulipitia haraka kwa sababu shujaa aliyeliwa harudi kusimulia. Basi siku moja zimwi likafika kwenye lango la mashariki, na pale langoni akawapo Bawabu, mwanamke wa makamo mwenye funguo kiunoni, ambaye upanga aliujua kwa kuuona tu ukipita kiunoni mwa wengine. Zimwi likanguruma. Bawabu akainua macho, akauliza: "Wewe ni nani, unatoka kwa nani, na una shida gani?"

Zimwi lilikuwa halijawahi kuulizwa swali tangu lizaliwe. Watu huliomba lisiwale, au hulikimbia. Likasimama na mdomo wazi.

"Basi kaa hapo kwenye benchi," Bawabu akasema. "Utaitwa."

Likakaa.

Yote hayo Dada Subiri aliyatoa katika methali ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeichunguza: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watu huitumia kusifu udugu na ujirani. Yeye aliona ndani yake ajira. Ili zimwi likujue, lazima awepo mtu wa kukaa nalo mpaka likamjua, na methali haisemi mtu huyo ni nani, wala alikula saa ngapi, wala nani alimpokea zamu.

Kituo cha redio kilikuwa vyumba vitatu mwisho wa ukumbi wa jengo la ofisi, kimoja kikiwa kimebandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isizurure. Humo walirekodi kila Jumamosi mchana. Bawabu aliigizwa na Msusi, mwanamke mnene mwenye saluni barabarani chini, aliyekuwa na sauti ya mtu anayeshikilia kichwa chako na hana haraka ya kukiachia. Zimwi lilikuwa Mzee Ngurumo. Dada Subiri alimpata kwenye benchi lake. Siku moja mzee huyo, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuja kupimwa meno ya bandia, akaguna mara moja, na vioo vya duka la chini vikaitikia. Dada Subiri akamwambia, "Mzee, ukitoka humo ndani usiondoke." Hakuondoka. Wa nne alikuwa Fundi Mitambo, aliyetengeneza farasi kwa vifuu viwili na mvua kwa mchele, na kuwasemea wahusika wadogo wote.

Sehemu ya benchi ilipotangazwa mara ya kwanza kukatokea ajali ambayo ingeweza kutokea redioni tu. Dada Subiri alikuwa ameandika kwamba baada ya kukaa, zimwi linanyamaza, na Bawabu ananyamaza, na kimya hicho kiachwe kikomae. Alisahau kwamba kituo kilikuwa na mashine ya kuogopa kimya. Sauti ikikatika kidogo tu, mashine hudhani mtangazaji amekufa, na hujiwashia tangazo. Basi pale pale ambapo hatima ya ufalme ilikuwa inaning'inia, wasikilizaji wakasikia kinanda na sauti ya binti akiimba kwamba godoro bora ni lile linalokumbatia mgongo wako.

Mama yake alikuwa akisikiliza kitandani. "Hapo umeweza," alisema. "Nilijiuliza zimwi zima limekaaje kwenye benchi la mbao."

Ilibidi kimya kijazwe. Fundi Mitambo akaja kliniki na kinasa sauti chake, akakiweka chini ya kaunta, akaenda zake kunywa chai. Kikanasa kilichokuwapo: feni inayolalamika, kikohozi, karatasi zinazofunuliwa na watu wasiosoma, benchi linalolia kila mtu anapohamisha uzito kutoka kalio moja kwenda la pili. Kuanzia hapo zimwi lilisubiri katikati ya sauti hizo, na mashine haikudhani tena kwamba kuna aliyekufa.

Watu wakaupenda mchezo. Muuza nyama alipokuja kuzibwa jino alimuuliza Dada Subiri, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Bado limekaa?"

"Bado."

"Maskini."

Kisha Meneja wa Vipindi akamwita ofisini.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuketi kati ya watu wawili wasioonana, na kila mmoja alimwambia yeye kile alichopaswa kumwambia mwenzake. Alimkaribisha kiti, akamwagizia maji, akayanywa mwenyewe.

"Dada, mchezo ni mzuri. Mzuri sana. Ila."

Dada Subiri aliisubiri hiyo ila ifike. Kazi hiyo aliizoea.

"Mfadhili ameusikiliza. Yeye amejitolea kwa ajili ya wanawake, unajua. Anataka mwanamke shupavu. Sasa anasema huyu Bawabu wetu yuko... alitumia neno gani... yuko chini."

"Chini ya nini?"

"Chini tu. Amekaa. Mwanamke shupavu hakai, dada. Siku hizi wasichana wanataka kusikia mwanamke anayepiga."

"Anampiga nani?"

"Zimwi! Si hilo hapo? Limekaa pembeni yake kabisa. Mkono unafika!"

"Meneja, jeshi zima la mfalme limeliwa. Huyu ni mtu wa kwanza kulizuia lisiingie mjini. Hajamwaga damu, hajavunja hata kikombe."

"Kwa kuliambia likae! Hiyo hata mke wangu anaweza."

"Wewe akikwambia ukae, unakaaga?"

Meneja alifikiria. "Nakaa," alikiri. "Lakini hiyo si hadithi, hiyo ni ndoa." Akacheka, kisha akaacha kucheka, maana ilibidi. "Sikiliza. Mpe upanga. Sehemu ya mwisho ya msimu, Bawabu ashike upanga, chuma kilie, watu wasikie. Kama wewe mkono unakuwa mzito, nitamwomba yule wa kipindi cha michezo aiandike. Anatangaza ndondi, mapigano anayajua. Na msimu ujao itabidi aendelee yeye, maana atakuwa ameshaingia ndani ya hadithi."

Hapo Dada Subiri alielewa kilichokuwa mezani. Wangemchukulia Bawabu, wangempa mtangazaji wa ndondi, na kile kipande cha asubuhi kingebaki asubuhi tu, yenye ufagio.

"Lini unataka huo upanga?" aliuliza.

"Hata wiki hii."

"Wiki ijayo," alisema Dada Subiri.

Alilisema bila hila yoyote. Lilitoka lenyewe, kama goti linavyoruka daktari akiligonga. Lakini Meneja aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akamsindikiza mlangoni ameridhika, na ndipo Dada Subiri akakumbuka kwamba wagonjwa wake nao huridhika hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata zimwi lilikuwa bado kwenye benchi. Lilimweleza Bawabu kwamba mlimani kuna baridi. Meneja akapiga simu: "Dada, upanga?" "Unakuja. Wiki ijayo." Wiki iliyofuata mfalme alituma tarishi kuuliza kwa nini zimwi halijauawa, Bawabu akamwambia tarishi akae, na sasa walikuwa wawili. "Dada, nasikia benchi linajaa, lakini chuma sikisikii." "Subiri kidogo, Meneja, upanga lazima utoke ghalani, na ghala lina mwenyewe." Wiki iliyofuata alikuja mwenye ghala, akakaa. Msusi alikuwa akisoma karatasi zake studioni huku machozi ya kicheko yakimtoka.

"Dada yangu, mwisho wake ni nini? Maana kichwa kimoja cha mteja nimekiacha nusu."

"Sijui."

"Wanasema nitashika upanga."

"Wanasema."

"Mimi sina tatizo. Nikiwa na hasira nashika hata pasi ya moto. Lakini huyu," Msusi akagonga karatasi, "huyu siyo mtu wa hivyo. Huyu akikuambia kaa, unakaa, basi. Ukimpa upanga tutajua kwamba siku zote alikuwa hajiamini."

Mzee Ngurumo alikuwa na hoja yake, nayo ilikuwa nyepesi zaidi. "Mwanangu, usiniue," alisema. "Wajukuu zangu wananisikiliza. Nilipokuwa mwalimu hawakunisikiliza."

Lakini hata "wiki ijayo" ina mwisho, kama kila mgonjwa anavyokuja kujua. Ikafika Jumamosi ambayo baada yake ilikuwa sehemu ya mwisho. Meneja alikuja mpaka mlango wa studio. Hakuketi.

"Jumamosi ijayo, dada. Nimemwahidi mfadhili, atakuwa anasikiliza ikitoka hewani. Upanga, au ndondi."

Dada Subiri alikwenda nyumbani kwa miguu, maana miguu ndiyo iliyokuwa imebaki ikifanya kazi bila kuulizwa. Alimpikia mama, akamgeuza, akamkanda magoti, na alipokuwa anakanda akamwambia.

"Wanataka Bawabu apigane."

Mama yake alikuwa amefumba macho.

"Mimi mwanzoni nilisema hivyohivyo," alisema. "Nilijiuliza, mwanamke gani huyu, hampigi mtu? Sasa sitaki. Usimpe panga. Mwenye panga huitwa kila anapoonekana nyoka. Baadaye huitwa hata kwa mjusi." Akafumbua jicho moja. "Goti la kushoto umelisahau."

Jumapili kaka alipiga simu. Mama hajambo? Hajambo. Na wewe? Nimechoka, kaka. "Aa, wewe tena! Wewe ni jembe, dada." Simu ikakatika kwa adabu.

Jumatatu asubuhi, kliniki ikiwa tupu, alijaribu. Hakuwa mbishi wa kujitakia njaa. Alimletea Bawabu upanga juu ya mto wa hariri, akamwinua kutoka kwenye kigoda chake, akamwandikia kishindo. Bawabu akainua upanga katika mstari wa kwanza. Katika wa pili akauliza huu unafutwa na nini. Katika wa tatu aliuegemeza ukutani, akaliambia zimwi lisogee kidogo ili tarishi apate nafasi. Dada Subiri alirarua karatasi, akaanza tena, ikawa vilevile. Daktari alipopanda ngazi, kapu la taka lilikuwa na mashujaa wa kutosha kujaza ufalme mwingine.

Jumanne asubuhi, mtu wa tatu kupanda ngazi alikuwa Meneja wa Vipindi.

Shavu lake la kulia lilikuwa limeumuka kama aliyeficha limau. Tai ilikuwa begani. Alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Dada. Ni mimi."

"Nakuona, Meneja. Pole. Subiri hapo, utaitwa."

"Sisi tunajuana."

"Ndiyo maana nimesema pole."

Aligeuka, akalitazama benchi. Alikuwapo muuza nyama, aliyekuja kuangaliwa lile jino lake lililozibwa, na msichana wa shule mwenye vyuma vya kunyoosha meno. Meneja akakaa katikati yao. Benchi likalia. Akahamisha uzito, likalia tena. Mtu aliyekuwa akiamua nani asikike na nani asisikike katika mji mzima alikaa pale magoti yamebanana, na kila mashine ya daktari ilipopiga mluzi mle ndani alijikunyata kama nguo iliyotoka majini.

"Anko, usiogope," msichana alimwambia. "Mimi nimeshazoea."

"Siogopi," Meneja alisema.

"Hata mimi siogopi," alisema muuza nyama, na hapo wote wawili wakatazama chini.

Baada ya muda kidogo Meneja aliita kwa sauti nyembamba: "Dada? Hiyo sindano... ni kubwa?"

Dada Subiri alitoka nyuma ya kaunta. Hakuwa na huruma nyingi siku hiyo. Alikuwa na iliyobaki, na aliitumia. Alisimama mbele yake, akamwambia alegeze mabega. Akalegeza. Akamwambia avute pumzi, ashushe, atazame feni na kumwambia ina mapanga mangapi. Meneja akasema matatu, moja limepinda. Akamwambia aendelee kulitazama hilo lililopinda. Akalitazama kama mtoto anayeonyeshwa mwezi. Alipoitwa ndani alikwenda mwenyewe kwa miguu yake, jambo ambalo si wote hulifanya.

Alitoka na pamba mdomoni na nusu ya uso ikiwa imelala. Alisimama mbele ya kaunta akijaribu kupanga midomo.

"Wewe," alisema, "ni mwanamke shupavu shana."

"Usile chochote kigumu leo."

"Shana," Meneja alirudia, machozi yakimlenga, maana ganzi ilikuwa imempandisha hisia. Akafika kwenye ngazi, akageuka, akainua kidole. "Lakini upanga. Jumamoshi."

Dada Subiri alimsikiliza akishuka, hatua moja moja, mkono ukiwa ukutani. Mtu huyu alikuwa amepanda ngazi akiwa na nguvu zake zote, na alikuwa hana kitu. Nguvu zote zilikuwa zimelizingira jino moja dogo la nyuma. Akalitazama benchi. Muuza nyama alikuwa amelifumbata shavu lake kwa kiganja kinachoweza kumwangusha ng'ombe.

Akavuta karatasi, akaandika sehemu ya mwisho papo hapo, huku akiita watu na kuwaambia wasubiri.

Jumamosi walirekodi. Kinyume cha desturi Meneja alikuja kusikiliza, akakaa nyuma ya kioo, shavu likiwa limerudi mahali pake. Ndani, kwenye meza ya sauti, Fundi Mitambo alikuwa ameweka mwiko wa chuma, mfuniko wa sufuria, na kipande cha mkate uliokauka mpaka ukawa tofali.

Mfalme akamtumia Bawabu upanga wa mababu. Tarishi akausifia: umechongwa na nani, umekata vichwa vya kina nani. "Mfalme anaamuru: lipige!" Fundi akagonga mwiko kwenye mfuniko, chuma kikalia vizuri mno, mlio wa kuingia kwenye mifupa, na Meneja nyuma ya kioo akainua dole gumba.

"Mzito," Msusi alisema ndani ya kipaza sauti, kwa sauti ya Bawabu. Kisha kwa sauti ileile: "Wewe zimwi. Umekula nini tangu ukae hapa?"

"Sijala kitu," Mzee Ngurumo alinguruma, na taa ikatikisika kidogo.

"Unataka kula nini?"

"Mfalme."

"Mfalme ana kazi. Anza na hiki."

Mzee Ngurumo akauma ule mkate mkavu karibu na kipaza sauti, Fundi akausaga mwiko juu ya mfuniko, na ikasikika sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia kabla: zimwi likitafuna upanga wa mababu. Likatafuna ncha, likatafuna bapa, likafika kwenye mpini ambako chuma ni kinene. Paa! Kimya kidogo, kifupi kuliko uvumilivu wa ile mashine. Kisha Mzee Ngurumo, kwa ufundi ambao hakuna skripti iliyomwagiza, alitoa meno yake ya bandia, akayatia mfukoni mwa shati, na akatoa mlio. Haukuwa wa kutisha. Ulikuwa ule mlio ambao Dada Subiri aliusikia kila asubuhi ukipanda ngazi, wa mkubwa na wa mdogo, na ambao daima huwa sawa.

"Jino!" zimwi lilisema. "Mama wee, jino langu!"

"Naona," Bawabu akasema. "Pole. Hutakula kitu kigumu leo. Wala mfalme. Kaa hapo."

"Nitaitwa?"

"Utaitwa."

Likaingia feni, likaingia benchi kulia, kikaingia kikohozi. Ukawa mwisho.

Msusi alijifuta jasho kwa kilemba. Mlango ukafunguliwa, Meneja akaingia, na Dada Subiri akasimama, kwa sababu kama ni kunyang'anywa alitaka kunyang'anywa akiwa wima.

"Upanga upo," Meneja alisema polepole, kama anayehesabu mzigo ulioshushwa. "Chuma kimelia. Zimwi limeumia." Bila kujua, alikuwa amepeleka mkono shavuni. "Hapo kwenye jino, dada... hapo umenishika kabisa. Sijui umetoa wapi."

"Huwa yanakuja tu," alisema Dada Subiri.

Mchezo ulitangazwa Jumatano jioni. Mama yake alicheka mpaka akaomba maji. Alhamisi asubuhi Meneja alipiga simu kliniki. Mfadhili amefurahi, alisema. Amesema hajawahi kusikia mwanamke shupavu namna ile, jinsi alivyolipiga lile zimwi. Kulipiga? Ndiyo, amesema alilipiga vibaya sana, upanga mpaka ukavunjika. Mtu wa ndondi amebaki na ndondi zake, Meneja aliendelea, na msimu mpya ni wako. "Ila."

Dada Subiri akangoja.

"Anauliza kama Bawabu anaweza kupanda farasi. Na kurusha mkuki, lakini farasi kwanza."

"Wiki ijayo," alisema Dada Subiri, akaweka simu chini.

Siku hiyo wagonjwa walikuwa wengi. Wa mwisho aliposhuka, daktari naye akashuka, na Dada Subiri akafagia, akafunga madirisha, akachukua mkoba. Nyumbani kulikuwa na magoti mawili yanayongoja, na Jumapili ilikuwa njiani ikiwa na sifa zake. Alizunguka kaunta kwenda mlangoni, na katikati ya njia, bila kuamua, alikaa kwenye benchi.

Miaka yote hiyo hakuwahi kulikalia. Lilikuwa gumu kuliko alivyowafikiria watu. Lililia alipokaa, likalia alipohamisha uzito. Kutoka pale kaunta ilionekana ndefu na ya kutisha kidogo, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Alikaa na mkoba mapajani, akaitazama feni, lile panga lililopinda, akiwa kama anayetarajia, kwa mazoea ya mahali, kwamba ataitwa.

Hakuna aliyemwita. Ilikuwa raha, na alikaa zaidi.